Nyaraka Hazihami: Juu ya Istilahi za Mapitio ya Kumbukumbu za Serikali

Miongoni mwa maswali tunayoletewa na wafasiri, limo moja tuliloliona kuwa halistahili kujibiwa kwa neno moja na kufungwa. Ndugu mmoja aliyekuwa akitafsiri taarifa ya Kiingereza kuhusu majalada ya Kenya, Uganda na Tanganyika yaliyopelekwa Uingereza wakati wa kupatikana kwa uhuru alitaka kujua majalada hayo huitwaje kwa Kiswahili. Waingereza wenyewe wameyapa jina litokanalo na kitenzi kile kitumiwacho kwa ndege wa msimu, na kwa watu waendao kutafuta maisha katika nchi nyingine. Mfasiri wetu, kwa uaminifu wote, alikwisha kuandika "nyaraka zilizohama".

Kisarufi hakukosea. Lakini tulipoisoma sentensi yake kwa sauti katika kikao chetu, mmoja wetu alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichotufikisha kwenye makala haya. Nyuki huhama mzinga. Mfugaji huhama malisho yakikauka. Mpangaji huhama nyumba akishindwana na mwenye nyumba. Mwenye kuhama ana miguu au mabawa, na zaidi ya hayo ana nia yake mwenyewe. Jalada halina hata kimoja katika hivyo. Likionekana leo katika bohari huko Uingereza ilhali jana lilikuwa masjala ya Nairobi, hapana budi pawepo mtu aliyelitoa rafuni, mwingine aliyelitia sandukuni, na mwingine tena aliyeitia sahihi hati ya kusafirishia. Ili tupate neno la haki, yatupasa kwanza tuwajue watu hao na kazi waliyoifanya.

Tuanze na kazi yenyewe katika hali yake ya kawaida, maana si kazi ya siri wala ya aibu. Hakuna serikali duniani iwezayo kuhifadhi kila karatasi iliyoandikwa na makarani wake. Nchini Uingereza utaratibu uliofuatwa kwa miaka mingi ulitokana na kamati iliyoongozwa na Sir James Grigg, iliyotoa taarifa yake mwaka 1954. Mapendekezo yake yakaingizwa katika Sheria ya Kumbukumbu za Umma ya mwaka 1958. Jalada lilipitiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa miaka mitano hivi baada ya kufungwa, na swali lililoulizwa lilikuwa la kiofisi: je, idara bado inalihitaji? Lililovuka hapo lilingoja hadi kutimiza miaka 25, ndipo lilipopitiwa mara ya pili, safari hii kwa swali la kihistoria: je, wajao watalihitaji? Hatimaye lililoteuliwa lilikabidhiwa kwenye hifadhi ya taifa na kufunguliwa kwa umma. Kwanza baada ya miaka 50, kisha, tangu mwanzo wa 1968, baada ya miaka 30, na kuanzia 2013 muda huo ukaanza kupunguzwa hatua kwa hatua hadi miaka 20. Ila sheria hiyohiyo iliacha mlango: idara yaweza kulizuia jalada lisitoke, ikipata kibali.

Katika Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, wapitiaji wamekuwa kwa kawaida wanadiplomasia wastaafu. Huketi na majalada ya zamani, wakayasoma ukurasa kwa ukurasa, wakaamua lipi litoke lote, lipi lifutwe mistari, na lipi libaki ndani. Kiongozi wa timu kama hiyo ana madaraka makubwa kuliko cheo chake kionekanavyo. Mwanahistoria huandika kwa yale aliyoachiwa, na mwenye kuachia ndiye huyu.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya Kiswahili chetu wenyewe. Katika utumishi wa Tanzania tumezoea kutofautisha kati ya kumbukumbu na nyaraka, na hata Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 imeyataja yote mawili. Kumbukumbu ni zile ziwapo kazini, zikiwa masjala, zikipanda na kushuka baina ya meza. Nyaraka ni zile zilizokwisha kuteuliwa zihifadhiwe daima. (Twajua kwamba waraka ni pia barua ya maagizo kutoka juu, na kwamba karani mgeni huweza kuchanganyikiwa, lakini matumizi hayo yamekwisha kukomaa na hatuna haja ya kuyavuruga.) Uzuri wa tofauti hii ni kwamba yatuonyesha pahali pa mapitio. Kati ya neno kumbukumbu na neno nyaraka ipo meza, na kwenye meza hiyo wameketi watu. Hakuna kumbukumbu inayogeuka nyaraka kwa kuzeeka tu.

Sasa tuje kwenye masanduku ya mfasiri wetu. Tarehe 3 Mei 1961 Iain Macleod, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alipeleka maagizo kwa magavana juu ya karatasi zisizopaswa kurithiwa na serikali mpya. Tanganyika ilikuwa imebakiza miezi saba kufikia uhuru wake, Uganda mwaka mmoja na miezi mitano, Kenya miaka miwili na nusu. Vigezo vilikuwa vinne, navyo vyastahili kusomwa na kila mwenye kuandika mwongozo wa mapitio, kwani vimepangwa kwa ustadi mkubwa. Isikabidhiwe karatasi iwezayo kuiaibisha Serikali ya Uingereza au serikali nyingine; wala iwezayo kuwaaibisha polisi, askari, watumishi wa serikali au wengineo kama vile wapasha habari wa polisi; wala iwezayo kufichua vyanzo vya ujasusi; wala iwezayo kutumiwa isivyo haki na mawaziri wa serikali itakayofuata.

Msomaji na atazame vigezo hivyo kwa jicho la mtunza nyaraka. Grigg aliuliza kama karatasi itafaa. Maagizo ya 1961 yaliuliza kama karatasi itaaibisha. Kazi ni ileile kwa sura: watu wameketi, wanasoma, wanatenga mafungu. Lakini kipimo kimepinduliwa. Kwa kipimo cha kwanza, jalada lenye habari nzito ndilo la kwanza kuokolewa. Kwa kipimo cha pili ndilo la kwanza kuondolewa. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale wasemao kwamba neno moja, mapitio, latosha kwa shughuli zote mbili.

Shughuli hiyo ilifanywa kwa nidhamu. Majalada yaligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya urithi, nalo ndilo ambalo serikali mpya ingeruhusiwa kulipokea. Fungu la pili liliitwa kwa neno lenye maana ya lindo au angalizo, nalo liligongwa muhuri wa herufi W. Fungu hili la pili halikupasa hata kujulikana kuwa lipo. Nchini Kenya iliagizwa mwaka 1961 kwamba upangaji huo ushikwe tu na ofisa aliye raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika aliyeijua masjala yake kama ajuavyo shamba la babaye aliondolewa kwenye kazi hiyo kwa sababu ya rangi yake. Pale ambapo jalada lililoondolewa lingeacha pengo likatiliwa shaka, liliagizwa kuwekwa jalada bandia mahali pake.

Yaliyobaki yalichomwa. Maagizo yalitaka karatasi ziungue mpaka ziwe majivu, na majivu yenyewe yavunjwevunjwe. Badala ya moto, iliruhusiwa kuzitia katika masanduku yenye uzito na kuyazamisha baharini, penye kina kirefu pasipo mkondo, mbali na pwani kadiri iwezekanavyo. Magavana walitakiwa kupeleka London hati za uteketezaji. Uangalifu huu ulikuwa na sababu yake. Mwaka 1947 moshi wa karatasi zilizochomwa ulionekana juu ya mji wa Delhi, magazeti yakausemea, na maofisa wa miaka iliyofuata hawakupenda moshi. Ndiyo maana mwaka 1957 karatasi za Malaya zilichukuliwa kwa malori hadi Singapore, zikateketezwa katika tanuru la jeshi la maji.

Shughuli nzima ikaitwa Operation Legacy. Mfasiri atakayeandika "Operesheni Urithi" atakuwa amefasiri sawasawa, na hapo ndipo ugumu ulipo. Katika Kiswahili urithi humkumbusha msomaji mambo yaliyo dhahiri kwake: pana aliyekufa, pana warithi, pana mali iliyohesabiwa mbele ya mashahidi, na pana kadhi au wazee wa kuhukumu. Mrithi ana haki ya kuuliza kilichokuwamo kabla ya kugawanywa. Katika shughuli tunayoisimulia, mwenye mali hakufa, alijigawia mwenyewe usiku, na warithi walikabidhiwa orodha isiyoonyesha kilichopungua. Ushauri wetu ni kwamba jina hilo liachwe katika Kiingereza chake, kwa kuwa ni jina la pekee, na maana yake ielezwe mara moja ndani ya matini. Tukilisanifisha tutakuwa tumeshiriki katika mzaha usio wetu.

Masanduku yasiyochomwa yalipelekwa Uingereza. Ya Kenya peke yake yalikuwa yapata 300, yenye majalada kiasi cha 1,500. Mwaka 1967 Serikali ya Kenya iliomba irudishiwe, ikakataliwa. Majalada ya makoloni mbalimbali yakawekwa pamoja, na mwishowe yakatulia Hanslope Park, katika jimbo la Buckinghamshire. Huko hayakupitiwa kwa utaratibu wa Grigg, wala hayakufunguliwa baada ya miaka 30. Tatizo lilikuwa pia la istilahi: je, ni kumbukumbu za umma za Uingereza kwa maana ya sheria ya 1958, ama ni mali ya makoloni ambayo sasa yamekuwa nchi? Swali lilipokosa jibu, majalada yalikosa mwenyewe. Jalada lisilo na jina kisheria hakuna anayelazimika kulipitia.

Aliyelazimisha mambo hakuwa mtunza nyaraka. Mwezi Juni 2009 wazee watano kutoka Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, walifungua kesi London wakidai fidia kwa mateso waliyopewa katika kambi za kizuizini wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba dhima, kama ipo, ilikwisha kurithiwa na Kenya siku ya uhuru mwaka 1963. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Deni lilisemwa kuwa limerithiwa na Nairobi. Karatasi za kulithibitishia deni zilikuwa zimebaki Buckinghamshire.

Mwanahistoria David Anderson, aliyekuwa shahidi mtaalamu katika kesi hiyo, alieleza mahakama kwamba yako majalada yaliyoondolewa Nairobi na ambayo hayajaonyeshwa. Mwanzoni mwa 2011 Wizara ikakiri kuwa nayo. Na hayakuwa ya Kenya tu, bali majalada kama 8,800 kutoka makoloni 37. Mwezi Julai mwaka huohuo Jaji McCombe alikataa kuifuta kesi, na Oktoba 2012 akaruhusu isikilizwe ingawa muda mrefu ulikuwa umepita. Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilitamka kusikitishwa kwake bungeni, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwamo. Mmoja wa wale watano hakufika hata kwenye uamuzi wa 2011. Alikuwa amefariki dunia.

Baada ya kukiri huko ndipo majalada yalipofanyiwa mapitio ya kweli. Mwezi Juni 2011 aliteuliwa Profesa Tony Badger wa Chuo Kikuu cha Cambridge kuyasimamia akiwa mtu huru asiye wa Wizara. Majalada yakapelekwa kwa mafungu kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, kuanzia Aprili 2012 hadi Novemba 2013, yakapewa namba ya mfululizo FCO 141. Yeyote aendaye Kew aweza leo kuomba jalada la Tanganyika akaletewa mezani. Kusema, kama tulivyoona katika rasimu moja, kwamba majalada hayo "yamerejeshwa" ni kosa tusiloweza kulipitisha. Kurejesha ni kurudisha kitu kilikotoka. Majalada yametoka chumba kimoja cha Uingereza yakaingia chumba kingine cha Uingereza. Yamefunguliwa, hayajarejeshwa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1983 juu ya urithi wa mataifa katika mali, nyaraka na madeni unatamka kwamba nyaraka zilizokuwa za nchi iliyotawaliwa, zikageuka za mtawala wakati wa utawala wake, huhamia kwa taifa jipya. Lakini mkataba huo haujapata idadi ya mataifa inayotakiwa ili uanze kutumika, na mataifa yenye masanduku hayakuuridhia.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Maneno matatu yalitusumbua kuliko mengine.

La kwanza ni lile la mfasiri. Katika kikao walikuwako waliotaka "nyaraka zilizoporwa", na hoja yao haikuwa dhaifu. Sisi tumeona kwamba kupora ni hukumu, na istilahi ikitoa hukumu kabla ya msomaji kuusikia ushahidi, mwenye shaka ataikataa istilahi na ushahidi pamoja. Tumependekeza "nyaraka zilizohamishwa". Tazama kazi ifanywayo na viambishi viwili tu: -ish- yatuambia kwamba pana aliyesababisha, na -w- yatuambia kwamba hakutajwa. Msomaji wa Kiswahili akisikia "zilizohamishwa" huuliza mara moja, na nani? Kwa hiyo twaongeza sharti: mahali neno hili lijitokezapo mara ya kwanza katika matini, mtendaji atajwe.

La pili ni neno la bustanini. Watunza nyaraka wa Kiingereza huita kitendo cha kuondoa karatasi jaladani kwa neno lao la kupalilia, na wale wastaafu wa Wizara ya Mambo ya Nje wamepata kuitwa wapaliliaji. Kwetu sisi, nchi ya wakulima, neno hili lina nguvu ya kupita kiasi. Apaliliaye husifiwa. Aking'oa kitu, hicho ni gugu bila ubishi, na mazao yaliyobaki yatanawiri zaidi. Nani atakayemlaumu mwenye jembe? Kulikubali neno hilo ni kukubali mapema kwamba kila kilichoondolewa kilikuwa kibaya. Tumelikataa, na tumeweka "kuondoa" kwa karatasi na "kufuta" kwa mistari.

La tatu lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu Kiingereza kina neno moja lenye kujumuisha hatima yote ya jalada baada ya mapitio, liwe limekwenda hifadhini ama limekwenda motoni. Wafasiri wengi wameliandika "kutupa", na hilo limewafanya makarani wasadiki kwamba fomu yenye kichwa hicho ni ya takataka tu. Tumesikia masjala moja ambamo majalada yaliyopaswa kukabidhiwa hifadhini yalikaa miezi kadhaa stoo, juu ya sakafu, pamoja na viti vilivyovunjika, kwa sababu ya neno hilo. Hatukutafuta neno moja la badala. Kiswahili kitumie mawili, "kukabidhi" na "kuteketeza", na kichwa cha fomu kiwe "Hatima ya Jalada". Mambo mawili yaliyo mbali hivyo hayana sababu ya kulala kitanda kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo ni la wafasiri zaidi kuliko la watunza nyaraka. Karatasi zilizofunguliwa zenyewe zimejaa maneno laini. Katika kambi za Mwea, mwaka 1957, mahabusu walioshikilia msimamo wao walitengwa vikundi vidogovidogo, wakapokewa kwa kipigo hadi watii, na utaratibu huo ukaitwa kwa jina lenye maana ya kuzimua, kama azimuavyo mtu uji mzito kwa maji. Walipouawa mahabusu 11 kwa kupigwa kule Hola tarehe 3 Machi 1959, taarifa ya kwanza kwa magazeti ilihusisha vifo vyao na maji waliyokunywa. Mfasiri asibadilishe maneno hayo. Aandike "kuzimua" ndani ya alama za mtajo, na aeleze chini yake kilichofanywa. Akiandika "kutesa" mahali ofisa alipoandika kuzimua, atakuwa amesema kweli juu ya kambi lakini ameficha ukweli juu ya ofisa. Na msomaji anahitaji kuona jinsi ofisa yule alivyoweza kuandika, akatia sahihi, akaenda kula chakula chake cha mchana.

Rasimu ya fomu ya mapitio tuliyoipitia ilikuwa na safu tano: namba ya jalada, kichwa, tarehe ya kufungwa, uamuzi, na maoni. Tumeomba ziongezwe mbili. Moja ni ya kigezo kilichotumiwa, kiandikwe kwa maneno yake na si kwa namba ya kifungu. Nyingine ni ya jina kamili la mpitiaji. Mjumbe mmoja alisema kwamba karatasi haitatosha kwa upana. Tukamjibu kwamba ilazwe.

Na mfasiri wetu amekwisha kumaliza kazi yake. Sentensi yake sasa yasomeka hivi: "Nyaraka zilizohamishwa na maofisa wa Serikali ya Uingereza kutoka Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam." Alilalamika kidogo kwamba imekuwa ndefu.